Je, kiazi kitamu chenye unga, chenye lishe na kinachovuka kiangazi kinaweza kupatikana kwa ajili ya nyanda za juu kusini?

Mkulima wa Kilolo ameandika:

Habari za kazi, wadau wa kilimo. Ninaomba mawazo ya watu wenye uzoefu au elimu ya uzalishaji wa mbegu za viazi vitamu, hususani mlioko Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, kwa sababu ushauri mwingi tunaoupata unatoka maeneo yenye joto na mvua za misimu miwili.

Kikundi chetu kiko kwenye milima ya Kilolo, juu ya Ilula. Tangu enzi za wazazi wetu tunalima kiazi chenye ganda jekundu na nyama nyeupe, ambacho kikichemshwa hupasuka na kutoa unga, na ambacho hakuna mtu wa hapa anayekikataa mezani. Hata hivyo kinachelewa mno kukomaa, kiasi kwamba kikipandwa Januari tunaanza kula vizuri mwezi wa saba, na kila mwaka mavuno yanazidi kupungua. Mashina mengi yanadumaa, majani yanakuwa madogo, membamba, yaliyokunjamana na yenye umanjano, na ukichimba chini yake unakuta mizizi minene kidogo tu isiyofaa hata kwa uji.

Baadaye tuliletewa mbegu ya viazi lishe vya rangi ya chungwa. Vinawahi kukomaa na watoto wanavipenda, lakini wazee wanasema ni vya majimaji na havishibishi, na kibaya zaidi marando yake, yaani vipande vya shina tunavyopanda kama mbegu, hayavuki kiangazi. Mvua zikishakatika Mei, ikifika Oktoba hatuna rando hata moja la kuanzia, isipokuwa kwa wale wachache wenye vinyungu, yaani bustani za unyevunyevu bondeni.

Maswali yangu ni haya. Kwa nini sifa za viazi hivi viwili zisiunganishwe katika aina moja, kama inavyofanyika kwenye mahindi? Je, ni kweli kwamba mbegu yetu ya zamani imechoka na inapaswa kuachwa? Na je, kuna sehemu ya kazi hii ambayo wakulima wenyewe tunaweza kuifanya, badala ya kusubiri tuletewe?

Natanguliza shukrani.

Mtafiti wa Mazao ya Mizizi, Mbeya, amejibu:

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa kueleza dalili kwa undani, kwa kuwa zinanisaidia kuanza na swali lako la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo la kwanza kwa umuhimu.

Mbegu yenu haijachoka, inaumwa. Majani membamba, yaliyokunjamana na yenye umanjano pamoja na kudumaa kwa shina ni dalili za ugonjwa wa virusi vya viazi vitamu, ambao husababishwa na virusi wawili wanaoshirikiana. Mmoja huenezwa na vidukari, na akiwa peke yake madhara yake mara nyingi huwa madogo kiasi kwamba mkulima hayaoni. Wa pili huenezwa na inzi weupe, na huyu akiingia kwenye mmea ambao tayari una yule wa kwanza, hudhoofisha kinga ya mmea na kumwachia mwenzake azaliane kupita kiasi, ndipo mavuno yanapoporomoka hadi kukaribia kukosekana kabisa. Kwa kuwa viazi vitamu tunavipanda kwa marando na si kwa punje, kila rando linalokatwa kwenye shina lenye ugonjwa linabeba ugonjwa huo kwenda msimu unaofuata. Ndiyo sababu kupungua huku kunaonekana kama uzee wa mbegu, wakati sifa za asili za aina hiyo ziko palepale. Kwenye maabara hukatwa ncha ndogo sana ya chipukizi, isiyofika milimita moja, baada ya mmea kupitishwa kwenye joto, na kutokana na ncha hiyo hukuzwa mmea usio na virusi. Nimeona aina za kienyeji zilizosafishwa kwa njia hiyo zikipandwa sambamba na zile za shambani, na mtu asiyeambiwa angeapa kwamba ni aina mbili tofauti.

Kwa hiyo, kabla hamjaitupa mbegu ya wazazi wenu, chagueni mashina yaliyo na afya kuliko mengine katikati ya msimu, wakati dalili zinaonekana waziwazi, myawekee alama kwa vijiti, na mwakani mkate marando kutoka kwenye hayo tu. Mashina yenye dalili yang'olewe mapema na kuondolewa shambani. Zipo aina za Afrika Mashariki ambazo zina uvumilivu wa wastani, na baadhi ya chipukizi zake hukua hadi kufikia hali ya kutokuwa na kirusi yule wa vidukari, kwa hiyo uchaguzi wa namna hii si kazi bure.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza. Mahindi yana kromosomu 20, ambazo ni seti mbili. Kiazi kitamu kina kromosomu 90, ambazo ni seti sita, na hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa sababu sifa moja inaweza kutawaliwa na nakala sita za kinasaba kimoja, na mtoto hupokea mchanganyiko usiotabirika. Zaidi ya hayo, ua la kiazi kitamu halikubali chavua yake lenyewe, na aina nyingi hukataana hata zenyewe kwa zenyewe. Kila punje inayopatikana ni mmea mpya kabisa, usiofanana na mama wala baba, wala na punje iliyokaa nayo kwenye kitumba kimoja. Ndiyo maana mtafiti huanza na maelfu ya miche ili abaki na michache. Lakini ugumu huo una faida yake: ukishapata mche mmoja unaokufaa, huna haja ya kuurekebisha vizazi na vizazi kama mahindi. Unakata rando, unapanda, na kila shina linalofuata ni nakala yake halisi.

Kuhusu unga na rangi, wazee wenu hawakukosea. Katika viazi vitamu vya ukanda wetu, rangi ya chungwa, ambayo ni alama ya beta-karotini inayogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, mara nyingi huambatana na maji mengi. Aina za kwanza zilizoingizwa kutoka Marekani, kama Jewel, zilikuwa na rangi nzuri lakini zilikuwa laini mno kwa mlaji wa huku, aliyezoea kiazi ambacho karibu theluthi moja ya uzito wake ni wanga na vitu vingine vikavu. Uhusiano huo, hata hivyo, si pingu. Nchini Uganda, mtafiti wa viazi vitamu Robert Mwanga na wenzake walitoa mwaka 2007 aina iitwayo NASPOT 10 O, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Kabode, ikiwa na rangi ya chungwa na ukavu wa takribani asilimia 30. Hapa kwetu aina za Mataya na Kiegea zilipitishwa mwaka 2010. Sifa hizo mbili, kwa hiyo, zimeshaunganishwa, na mimi naona swali lililobaki kwa watu wa Kilolo ni kama aina hizo zimepimwa kwenye baridi yenu na kiangazi chenu.

Hapa ninasema kwa msisitizo. Kiazi kitamu ni zao la joto, hustawi zaidi kwenye nyuzi 24 na kuendelea, na joto likishuka chini ya nyuzi 15 ukuaji wake unapungua sana. Aina iliyokomaa kwa miezi minne Kibaha, karibu na usawa wa bahari, itahitaji muda mrefu zaidi ikipandwa kwenye mwinuko wa mita 1,700. Ukungu unaoacha mabaka meusi kwenye shina na vikonyo vya majani, ambao Pwani si tatizo kubwa, huku kwenye ubaridi na unyevu unaweza kumaliza shamba. Kwa upande mwingine, inzi weupe hupungua kadiri unavyopanda mlima, kwa hiyo aina inayouawa na virusi kwenye bonde la joto inaweza kupata nafuu kwenu. Siku hizi uteuzi hauanzii tena kwenye kituo kimoja kwa miaka mingi. Miche michache ya kila aina hupelekwa mapema kwenye maeneo kadhaa kwa wakati mmoja, na kwa utaratibu huo kazi iliyokuwa ikichukua takribani miaka 8 imefupishwa hadi kufikia 4. Ninachokipigania mimi ni kwamba miongoni mwa maeneo hayo kila mara iwepo milima yetu.

Mnunuzi wa Viazi, Iringa Mjini, amejibu:

Naunga mkono hoja ya unga, nami naongeza jambo la soko. Mama anayeuza viazi vya kuchemsha asubuhi hununua kwa kuangalia ganda jekundu, umbo lisilo na mikunjo mirefu, na jinsi kiazi kinavyokatika kwa kisu. Akikata akaona maji yanatiririka, anarudisha. Viazi lishe tunavinunua, ila kwa bei ya chini, na vinaharibika haraka zaidi kwenye magunia ya lumbesa kwa kuwa ganda lake linachubuka. Watafiti wakipima uzito wa mavuno wasisahau kupima siku ambazo kiazi kinaweza kukaa baada ya kuchimbwa, maana kutoka Kilolo hadi sokoni barabara zenyewe mnazijua.

Dada wa Lishe, Mafinga, amejibu:

Kaka yangu hapo juu amezungumzia soko, nami nazungumzia sahani ya mtoto. Gramu 125 za kiazi cha rangi ya chungwa chenye rangi iliyokolea vizuri, yaani kiazi kimoja cha kiasi, zinatosheleza mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku, hasa kikiliwa pamoja na mafuta kidogo au karanga. Kiazi cheupe, hata kiwe na unga kiasi gani, hakina kitu hicho. Kwa hiyo sikubaliani na wazo la kuacha rangi kwa sababu ya bei ya gunia. Mama anayelisha watoto apande matuta machache ya chungwa karibu na nyumba hata kama shamba la kuuza ni la viazi vyeupe, na ulaini ambao wazee wanaulalamikia ndio unaomfaa mtoto anayeanza kula.

Mzalisha Marando, Mbarali, amejibu:

Shikamooni wakubwa, na pole kwa kiangazi, ndugu yangu wa Kilolo. Nitajibu lile la marando kutovuka hadi Novemba, kwa sababu ndilo ninaloliishi. Huku Usangu jua ni kali na inzi weupe ni wengi, lakini mbegu haipotei, kwa kuwa tunaihifadhi ndani ya kiazi chenyewe.

Wakati wa kuvuna tunachagua viazi vya ukubwa wa kati na vidogo, visivyo na jeraha wala tundu la fukusi, kutoka kwenye mashina yaliyokuwa na afya. Tunachukua beseni, tunatandika mchanga mkavu uliopoa, tunapanga viazi bila kugusana, tunafunika kwa mchanga, tunapanga safu nyingine, na kumalizia kwa mchanga mwingi juu. Beseni linakaa ndani ya nyumba, mahali penye ubaridi, na kila baada ya wiki kadhaa tunafukua kutazama. Kilichooza au chenye fukusi kinatolewa hapohapo, kwa maana fukusi mmoja aliyeingia na kiazi ataharibu beseni zima. Chipukizi zinazotoka zikiwa bado humo tunazivunja. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua tunavipanda kwenye kitalu chenye uzio, karibu na maji, kisha tunamwagilia. Kiazi kimoja kinaweza kutoa marando kama 40. Mnaposubiri majani yastahimili miezi sita ya ukavu mnayatwisha mzigo ambao kiazi kinaweza kuubeba kikiwa kimelala.

Jambo moja kuhusu mchanga: usiwe wa mtoni uliotoka na unyevu. Uanikeni mpaka ukauke kabisa, kisha uachwe upoe, kwa sababu ukiutumia ungali na moto wa jua viazi vinaoza.

Mkulima wa Kilolo ameandika:

Nawashukuru nyote. Mtafiti, umenipa moyo kuhusu mbegu yetu, na dada wa Mbarali umetatua jambo ambalo tulidhani ni tabia ya aina. Nabaki na swali langu la tatu. Kwenye shamba letu kuna mashina yanayotoa maua ya zambarau, na mengine baada ya maua yanaacha vitumba vidogo vya kahawia vyenye punje nyeusi. Kama kila punje ni mmea mpya, je, tunaweza kuziotesha na kutafuta wenyewe kiazi chetu? Na tutajuaje kwamba tulichokipata ni kizuri na si bahati ya msimu mmoja?

Mtafiti wa Mazao ya Mizizi, Mbeya, amejibu:

Swali hili limenifurahisha kuliko yote, na jibu ni ndiyo, kwa masharti.

Mwaka 2010 Uganda ilipitisha aina ya NASPOT 11, inayoitwa pia Tomulabula, na aina hiyo ilichaguliwa kwa kushirikiana na wakulima tangu hatua za mwanzo. Wakulima walitazama miche mashambani mwao, wakakataa na kukubali kwa vigezo vyao, na watafiti wakaleta mpangilio wa uchavushaji na vipimo. Kilichofanyika huko kinaweza kufanyika Kilolo.

Punje hizo ni matokeo ya kazi ya nyuki, kwa sababu ua la kiazi kitamu hufunguka asubuhi na kunyauka kabla ya siku kwisha, na chavua inayozaa hutoka kwenye aina nyingine. Kitumba kimoja hutoa punje moja hadi nne. Kwa kuwa mnalima kiazi chenu chekundu karibu na kile cha chungwa, inawezekana kabisa kwamba baadhi ya punje mlizonazo ni za wazazi hao wawili, ikiwa wanakubaliana. Mkitaka kuongeza uwezekano huo, pandeni mistari ya aina hizo mbili kwa kupokezana, mahali palipojitenga na viazi vingine, na mkusanye vitumba vikishakauka kabla havijapasuka. Ganda la punje ni gumu na halipitishi maji, hivyo likwaruzwe taratibu kwa msasa au wembe upande wa mgongo, mbali na kile kikovu kidogo pale punje iliposhikia, kisha punje ziloweshwe. Ile iliyovimba baada ya kuloweka ndiyo iliyopokea maji. Isiyovimba ikwaruzwe tena. Otesheni kwenye vifuko, mmoja mmoja, na kila mche upewe namba yake.

Msimu wa kwanza msiwe na haraka ya kuhukumu mavuno, kwa maana mmea uliotoka kwenye punje hauweki viazi sawasawa na ule uliotoka kwenye rando. Tazameni ugonjwa tu, mkiondoa bila huruma kila mche wenye dalili za virusi au mabaka meusi ya shina. Msimu wa pili kateni marando machache kutoka kwa kila mche uliobaki, mpande kila namba kwenye tuta lake, na katikati ya matuta hayo muweke kiazi chenu cha zamani kilichochaguliwa kwa afya. Hicho ndicho kipimo chenu: namba isiyokishinda kwa jambo lolote inaachwa. Wakati wa kuvuna chimbeni zote siku moja, mapema kuliko mlivyozoea, tuseme mwezi wa tano, ili namba zinazowahi zijitokeze. Kuwahi huku kuna maana kubwa kuliko njaa peke yake, kwa sababu viazi vinavyobaki ardhini hadi Agosti, udongo ukiwa umepasuka kwenye matuta, ndivyo vinavyoshambuliwa na fukusi anayepenya kwenye nyufa hizo.

Kisha chemsheni. Kila namba ichemshwe kwenye chungu chake au ifungwe kwenye kitambaa chake, wazee waonje, akina mama wauzaji waonje, na watoto waonje, bila yeyote kuambiwa ni namba gani. Andikeni majibu ya kila kundi kando kando, kwa maana, kama wadau wawili hapo juu walivyoonyesha, kiazi cha sokoni na kiazi cha mtoto si lazima kiwe kimoja, na mnaweza kubaki na namba mbili zenye kazi tofauti. Kwa ukavu, kateni vipande vyembamba, mpime uzito kwa mzani mdogo, mkaushe kabisa, mpime tena. Kilichobaki kikikaribia theluthi moja ya uzito wa awali, hicho ndicho kiazi chenye unga.

Ama kuhusu bahati ya msimu mmoja, dawa yake ni kurudia msimu wa tatu na wa nne, na kuwagawia wenzenu walioko kwenye miinuko tofauti: mmoja huko juu kwenye baridi, mwingine Ilula, na ikiwezekana mmoja Ruaha Mbuyuni kwenye joto, ambako virusi vitaijaribu namba hiyo kwa ukali ambao milimani hautaonekana. Namba zilizobaki zihifadhiwe kwenye mchanga kama alivyoeleza dada wa Mbarali, kila moja kwenye chombo chake chenye alama. Inayooza au kukataa kuchipua humo nayo imejieleza.

Mkifika hapo mkiwa na namba moja au mbili zinazosimama, wasilianeni na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole au afisa ugani wenu kabla ya kuzisambaza kwa wingi. Kuiuza kama mbegu ya aina mpya kunahitaji majaribio na usajili unaosimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na kumbukumbu zenu za misimu hiyo, zikiwa zimeandikwa vizuri kwa namba, zitawasaidia wakaguzi kuona ni nini kimeshajulikana. Anzeni kukusanya vitumba sasa, maana vikipasuka punje zinaanguka ardhini na hamtazipata.

Mkulima wa Kilolo ameandika:

Nimeelewa, mtafiti. Jumamosi hii kikundi kinakutana, na tutagawana kazi: akina mama watakusanya vitumba na kuvitenga kwa shina, vijana wataweka vijiti kwenye mashina yenye afya. Mwenye punje za aina nyingine kutoka Mbozi, Rungwe au Wanging'ombe ambaye yuko tayari kubadilishana, aniandikie hapa, aeleze mwinuko wa shamba lake na rangi ya nyama ya kiazi alichochukulia.